Kona kwa Kona

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa sauti kwanza. Nilikuwa ndani ya chumba cha giza, napapasa filamu niiingize kwenye kopo la dawa, sivioni hata vidole vyangu, niliposikia kicheko cha dada yangu Kabula kikipanda ngazi. Nyuma yake zikafuata hatua za watu wengi, na juu yetu sote mvua ikipiga bati. Nikajua wamefika.

Wazazi na ndugu zangu walikuwa wametoka Misungwi kumsindikiza. Kabula alikuwa muuza dagaa, na jioni hiyo alikuwa apande treni ya Kigoma, avuke na magunia yake hadi Zaire. Ndiyo miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Baba alikuwa ameshapunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, na kila mwenye miguu alikuwa akijaribu biashara. Mama alitaka kitu kimoja tu: picha ya familia nzima, kabla hatujatawanyika.

Studio ilikuwa ya Mzee Karsan, ghorofani pale Mirongo, chumba chembamba chenye pazia la maua. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kamera yake ilikuwa nzito kama tofali, inakula filamu pana ya mraba, na lenzi yake ilikuwa ya milimita themanini. "Themanini inaona kama jicho, Minza," alizoea kusema. "Haivuti karibu, haisukumi mbali." Maneno yale niliyameza bila kutafuna.

Kwa hiyo nilipopata kamera yangu mwenyewe, ndogo, ya filamu nyembamba ya rangi, ikiwa imekuja na lenzi ya hamsini, niliidharau ile hamsini. Nikamrudishia muuzaji, nikavua na saa yangu ya mkononi juu yake, akanipa lenzi ya themanini na tano. Zile tano za ziada niliziona baraka. Ujana una mambo yake; huringia namba usiyojua imetoka wapi.

Siku hiyo Mzee Karsan alikuwa amelazwa nyumbani na goti, ameniachia studio peke yangu. Kamera yake ilikuwa pale pale, imesimama juu ya miguu yake mitatu. Sikuigusa. Nilitaka wanione na yangu.

Nikawapanga: bibi na mama kwenye viti, baba nyuma yao, kaka zangu wawili, wifi na mtoto wake, na Kabula mwishoni. Nikachungulia. Nikaona wazee watatu tu. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Unatupiga picha au unatukimbia?" Kabula akauliza. Bibi akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Sogeleaneni," nikasema.

"Tumeshabanana kama dagaa kwenye gunia la dada," akajibu kaka yangu Masanja. "Labda tupandane mabegani."

Nje mvua ilikuwa kubwa, hatoki mtu. Walibanana, wakajikunja, lakini mmoja alibaki nje ya picha. Kamera ya mzee ilikuwa hatua mbili kutoka mkono wangu, mwanangu. Hatua mbili. Nikasema, "Dada, wewe jitoe kidogo. Nitakupiga peke yako, picha nzuri ya kutundika."

Kabula akajitoa. Akaja kusimama ubavuni pangu, akaanza kuwachekesha ili watabasamu. Ndiyo maana katika picha ile hakuna anayenitazama mimi. Wote wametazama pembeni, wanacheka. Wanamtazama yeye.

Picha yake mwenyewe sikuipiga. Barua mbili zilitufikia kutoka Kalemie, huko Zaire. Kisha vita ikazuka upande ule, na ya tatu tunaisubiri mpaka leo.

Mwaka uliofuata mama alipanda ngazi za studio, akaomba ile negativu, kipande cha filamu chenye picha yetu. "Itazame vizuri, Minza," akaniambia. "Labda hata bega lake limeingia." Nikaiinua kwenye mwanga. Bega halikuwamo.

Mama alipoondoka, Mzee Karsan aliichukua ile negativu, akaniuliza nilitumia lenzi gani. Nikamwambia. Hakunifokea. Alitoa negativu yake ya mraba, akaiweka mezani, akavuta uzi kutoka kona moja hadi kona ya pili, akaupima kwa rula: sentimita nane, yaani milimita themanini. Akavuta uzi mwingine juu ya yangu. Ulipita kidogo tu milimita arobaini.

"Inayoona kama jicho ni lenzi inayokaribiana na uzi huu," akasema. "Ile hamsini uliyoirudisha ndiyo ilikuwa ya kwako. Mimi nilikutajia themanini, nikasahau kukuambia ni ya kamera ipi. Kosa hilo ni langu. Lakini ulikuwa na macho, binti. Ulipoona dada yako haingii, ungeamini macho."

Sasa wewe umeniambia umenunua kamera ya kidijitali na lenzi ya hamsini, kwa sababu kila mtu anakuambia hamsini ndiyo jicho la mwanadamu. Na Jumamosi una send-off ya binti wa watu, sebuleni kwao, Nyegezi. Nimeishika kamera yako. Kile kipande cha ndani kinachopokea picha ni kidogo kuliko filamu yangu ya zamani. Kona kwa kona hakifiki hata milimita thelathini. Lenzi yako haijabadilika, ila kipande hicho kinachukua katikati tu ya kile inachokileta, na kingo zote zinapotea. Hamsini yako pale inabana karibu sawa na themanini na tano yangu.

Akili ya kuambiwa, changanya na yako. Tafuta ishirini na nane, au thelathini na tano. Ukikosa, azima. Ukikosa pa kuazima, tumia simu yako, wala usione haya. Aibu ya fundi hupita. Lakini usimwambie mtu ajitoe ili kifaa chako kionekane kizuri. Kabla hujaamini namba ya mtu, muulize aliipima juu ya nini. Na anayesubiri zamu yake pembeni, mpige kwanza.

Mungu akupe mkono mtulivu na vyumba vipana, mwanangu. Akujalie kila anayekuaga uwe umeshamwona mzima. Mimi siku ile filamu iliniishia kwenye picha ile ya familia, nikainama kuweka nyingine nimpige Kabula. Wenzake walikuwa wameshaanza kushuka ngazi. "Minza, magunia yananilowea huko stesheni," alisema Kabula. "Utanipiga nikirudi." Nikamwambia asubiri kidogo tu. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma yake.