Kahawa ya Golini

Niliporudi likizo kutoka chuoni Kampala, kabla hata sijafungua sanduku, nilikwenda golini. Usicheke. Kwetu, kwenye mteremko wa Meru juu ya Kikwe, watu bado wanasema hivyo: nakwenda golini kuchuma, mbuzi wako ameingia golini. Ukifika huoni goli. Unaona mistari ya mikahawa chini ya migomba, na katikati yake nguzo moja ya mti wa mringaringa iliyosimama wima bila kazi, isipokuwa siku kaka yangu anapoifungia mbuzi. Ilikuwa nguzo ya kushoto. Ya kulia ilikwenda kuwa mhimili wa zizi.

Kaka alikuwa anachuma. Ana miaka tisa zaidi yangu na anachuma kama anayekama, vidole tu vinacheza, bega halisogei. Nilimwambia shikamoo, akaitikia, akaniuliza mjini kukoje. Nikamwambia nimepita kwenye mkutano karibu na soko, mtu amesimama juu ya meza anawaambia watu kwamba Mwingereza anaondoka na sasa sisi tunajenga.

"Tunajenga," kaka akarudia, akacheka kidogo.

Nami nilikuwa nimecheka hivyo hivyo pale mkutanoni, mpaka mama mmoja muuza ndizi akanikata jicho. Neno lile nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtoto, papa hapa, na tangu wakati huo likitamkwa miguu yangu hutaka kuondoka.

Wakati ule huu ulikuwa uwanja, na timu yetu ilikuwa inaogopwa. Sijui kama unaweza kuelewa maana ya Jumamosi kwetu. Asubuhi tulichuma kahawa, mchana tukaikoboa, mikono ikinuka utamu ule wa maganda unaokaribia kuoza, na tangu saa nane tarumbeta za kanisani zilianza mazoezi ya nyimbo za kesho yake. Bibi aliweka chungu cha loshoro jikoni, mahindi na maziwa ya mgando, na hakuna aliyegusa mpaka wachezaji wapite. Walipita kwa njia ya mfereji, wanaume wenye vifua, jezi za mistari, miguu mitupu, mpira wa ngozi umepakwa mafuta ya ng'ombe usinywe umande. Timu za mashamba ya walowezi zilikuja juu kwa lori na kurudi chini kimya. Mshambuliaji wetu alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Alikuwa na miguu iliyopinda kama upinde, na alipoupata mpira wanawake waliacha kuchambua kahawa.

Halafu ukafika mwaka wa kukabidhiana rika.

Unajua desturi yetu. Vijana wanaotahiriwa wakati mmoja ni rika moja, na rika likiisha ujana wake linatoka kwa pamoja na kuwa wazee, na la chini yake linaingia. Haling'oki jino mojamoja. Wazee wakaona kwamba mpira ni kazi ya vijana, kwa hiyo waliotoka ujanani wametoka na mpirani. Timu nzima, kipa hadi mshambuliaji, siku moja. Walizivua jezi wakazirundika juu ya nyasi, na rika la kaka yangu wakaziokota. Ziliwaning'inia kama shuka zilizoanikwa kwenye ua.

Mwalimu wa shule ya misheni, aliyekuwa akiifundisha timu, aliomba abakiziwe watatu tu wa zamani, wawashike mkono vijana. Nakumbuka alivyojibiwa, kwa sababu Bibi alilirudia jibu lile jikoni kwa miaka.

"Mwalimu," mzee mmoja alimuuliza, "mtoto akitaka mpira atamwambiaje mkubwa wake? Atamwambia lete?"

Mimi nilikuwa na jibu, nilikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa na nililitoa palepale: amwambie tafadhali lete. Nilifinywa sikio. Lakini hadi leo sijaona kosa la jibu langu.

Kwa hiyo msimu ule tulianza upya, kaka akiwa kipa. Na tulifungwa. Tulifungwa na timu ya karakana ya mjini, tukafungwa na watu wa mkonge, tukafungwa Kikwe kwenye vumbi na tukafungwa nyumbani kwenye ukungu mzito kiasi kwamba magoli mengine tuliyajua kwa kusikia wageni wakishangilia. Kila tulipofungwa, Mwalimu aliwakusanya vijana chini ya nguzo na kuwaambia, "Msivunjike moyo. Tunajenga."

Bibi aliposikia aliniuliza, "Mama, hivi nyumba gani hiyo inayojengwa kwa kubomolewa kila Jumamosi?" Na kaka alipoingia na matope hadi masikioni alimpakulia loshoro, ila alitumia kibuyu kidogo badala ya bakuli. Kaka alikula akiangalia ukuta. Usiku alilala amefungia vidole vya mkono mmoja ndani ya mwingine, kama anayeshika kitu.

Kufungwa peke yake kungevumilika. Tatizo lilikuwa ardhi. Jirani yetu wa upande wa mfereji alikuwa na wana wanne waliooa na shamba la kumtosha mmoja. Nyumba nyingine kadhaa zilikuwa hivyohivyo. Juu yetu msitu wa serikali, chini yetu shamba la mlowezi, na katikati sisi, tukigawana migomba. Jirani akaanza kusema waziwazi kwenye kikao cha ukoo: uwanja ule ulitolewa kwa ajili ya timu, na timu haipo tena, kuna watoto wanaofukuzana na mpira. Upandwe kahawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akija kwetu na ndizi mbivu akiniita mke wangu. Wazee wakapima maneno yake wakasema: vijana washinde hata mechi moja kabla msimu haujaisha, uwanja utabaki. Wasiposhinda, utagawanywa.

Niliuliza, kwa nini tusigawane uwanja wa mlowezi? Chini kule alikuwa na uwanja wa kuchezea yeye na wageni wake, nyasi zikimwagiliwa kiangazi kizima kwa maji ya mto wetu, na sikuwahi kumwona mtu zaidi ya wanne juu yake. Safari hii hakuna aliyenifinya. Walitazama pembeni tu, na hilo liliniudhi kuliko kufinywa.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, na watu wa karakana ya mjini. Lori lao lilipopanda tulisikia likikwaruza gia kwenye kona ya kanisa, watu wakasimama. Akashuka dereva, wakashuka wachezaji, na wa mwisho kushuka, amevaa viatu vya mpira, viatu kabisa, alikuwa baba mdogo.

Alikuwa ameondoka nyumbani miezi kadhaa kabla, tukiambiwa amepata kazi mjini. Sasa tuliona kazi yenyewe. Karakana ilimwajiri kwa ajili ya miguu yake; asubuhi alishika spana ili jioni ashike mpira. Mjini kulikuwa na Mchaga, Mrangi, Msomali, na hakuna aliyekuuliza rika lako.

"Umekuja kututeka kwetu," Bibi akamwambia mwanawe mbele ya watu.

"Mama, mimi sijazeeka," alisema baba mdogo. "Ni wao walioniambia nimezeeka."

Akaingia uwanjani. Na hapo vijana wetu, kabla refa hajapuliza, wakafanya walivyolelewa. Wakamwendea mmoja mmoja wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini kila mmoja kama mzee anavyosalimia watoto. Alimgusa na kaka yangu. Mwalimu aliyaona yote akafumba macho.

Sasa nieleze kilichotokea bila kukipamba. Tulipata goli mapema, la bahati, mpira uliteleza kwenye matope ukampita kipa wao katikati ya miguu. Baada ya hapo wageni walitushukia kama mlima unavyolimwagikia bonde. Kila baba mdogo alipopokea mpira, mabeki wetu walimkimbilia kwa nguvu, na walipomfikia walipunguza mwendo na kumpisha, kama unavyompisha mzee kwenye njia nyembamba ya mfereji. Hawakukusudia. Miguu yao ilijua yenyewe.

"Kila mtu na mtu wake," Mwalimu aliita kutoka pembeni. "Beki, huyo ni mtu wako."

"Mwalimu," beki akamjibu akihema, "huyu si mtu wangu, huyu ni mzee wangu."

Watu walicheka, hata refa. Kaka hakucheka. Aliokoa kwa ngumi, kwa goti, mara moja kwa uso. Damu ya pua iliingia kwenye mistari ya jezi. Nilikuwa nyuma ya goli nikiuma ncha ya kanga, na ukungu ulianza kushuka, na jua lilikuwa limebaki kidogo sana, na tulikuwa tunaongoza. Jirani alikuwa amesimama kwenye kona na fimbo yake. Sikuweza kujua anaomba nini.

Baba mdogo akapenya. Mabeki wakampisha mara ya mwisho. Kaka akatoka golini, na kaka hakupunguza mwendo. Alijirusha miguuni mwake akaugonga mpira kwa mikono miwili, safi, refa mwenyewe alionyesha safi. Mpira ukabiringika hatua chache ukasimama. Baba mdogo akamruka kaka, akaanguka chali, kichwa kikipiga chini kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

Kijana amemwangusha mzee.

Mpira ulikuwa pale. Kaka angenyoosha mkono tu. Badala yake alipiga magoti akamshika baba mdogo kwapani kumwinua, akisema pole baba, nisamehe baba, na baba mdogo, macho yakiwa bado yanazunguka, alimsukuma kifuani akisema maneno ambayo mimi niliyekuwa karibu niliyasikia vizuri.

"Mpira, mjinga wewe. Niache mimi. Shika mpira."

Kaka hakumwacha. Kijana mmoja wa mjini alikuja akitembea, hakukimbia hata, akausukuma mpira ndani ya goli tupu.

Refa alipuliza filimbi ya mwisho muda mfupi baadaye. Sare. Wazee walikuwa wamesema kushinda.

Kikao kilikaa juma lililofuata na uwanja ukagawanywa kwa nyumba tatu. Jirani alipata upande wa mfereji. Lakini hapa ndipo ninapokosa usingizi: wazee walisema kijana aliyemwinua mzee apewe sehemu ya golini, iwe yake, aoe juu yake. Wakamsifu mbele ya ukoo. Mwalimu alikuwapo, akasema kwa sauti ndogo kwamba labda hiki ndicho tulichokuwa tunajenga. Baba mdogo hakuja kwenye kikao. Alikuwa amerudi mjini na lori la karakana, na kila Krismasi alipokuja kula nyama alimtazama kaka kama mtu anayemdai kitu asichoweza kukitaja.

Kaka alipanda kahawa. Ilipozaa, aliiuza akanisomesha. Si baba, si misheni, kaka. Vitabu vyangu, sanduku langu, treni na meli ya kunifikisha Kampala, ambako nimefundishwa kuhoji kila kitu, vyote vilitoka kwenye kipande kile cha ardhi ambapo mtu mmoja hakuhoji.

Kwa hiyo nilimuuliza. Miaka yote sikuwahi. Nilimuuliza kwa nini aliuacha mpira.

Alifikiri huku akichuma. "Mpira ulikuwa haujaanguka," alisema. "Baba mdogo alikuwa ameanguka."

"Lakini yeye mwenyewe alikwambia uushike."

"Alikuwa amepigwa kichwa."

"Alikuwa na akili timamu kuliko sote, kaka."

"Huenda." Akahamia mkahawa mwingine. "Na wewe ungekuwa wapi?"

Sijui kama lile ni jibu au ni njia ya kunifinya sikio kistaarabu. Angeushika, watoto wa mteremko huu wangekuwa na uwanja. Sasa hivi wanapiga mpira wa majani ya migomba barabarani, wakitawanyika lori linapokuja, na Jumamosi saa nane tarumbeta hupigwa bila kelele za watu chini yake, na sauti yake imekuwa nyembamba, kama imekosa pa kutua. Rika la kaka nalo linakaribia kutoka. Hakuna jezi za kumkabidhi mtu. Uwanja wa mlowezi bado upo, bado unamwagiliwa, na nasikia katika hao wanaojenga kuna wanaoulizana nani ataurithi.

Bibi hayupo tena kuwauliza nyumba gani.

Kaka alinipa kikapu. "Anzia kwenye nguzo," alisema. "Huku nimemaliza."

Nikaanzia kwenye nguzo. Punje zilikuwa nyekundu sana upande ule, nzito, nilizijaza mikononi kwa pamoja, na kila nilipoinama nilijikuta natazama ardhini, hatua chache mbele, mahali mpira uliposimama.