Barua za Grenada Nilizozitunga Mwenyewe

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa natunga barua za mwanamke mmoja wa Grenada.

Huyo mwanamke sijawahi kumwona. Grenada yenyewe sijawahi kufika. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Tabora.

Nina miaka tisini na moja. Mjukuu wangu ndiye anayeandika haya kwenye simu yake, mimi nasema tu. Nimemwambia asinirembe.

Ilikuwa 1954, enzi za Mwingereza. Nilikuwa karani mdogo bomani Kisarawe. Zahoro wa miaka ishirini, kaptula ina pasi ya kukata nyanya, baiskeli mpya, na Kiingereza cha kuungaunga kinachotosha kuwaringia watu.

Dada yangu Siwema, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa ameolewa kijiji cha Janga, kule Mlandizi. Mumewe hakuwa mtu wa huku.

Kwa kumtazama usingejua. Mweusi kama sisi, anaswali nasi, anakula nasi bada, ule ugali wa muhogo. Lakini kazaliwa Grenada, kisiwa cha bahari ya Karibiani, upande wa pili wa dunia.

Waingereza walimleta kwenye ile Vita ya Kwanza, askari wa miaka kumi na tisa, aje kupigana na Mjerumani. Akaugua. Wenzake wakapanda meli, yeye akabaki hospitali. Alipopona akashika useremala, akasilimu, akaitwa Adamu. Watu wakamwita Adamu wa Ng'ambo.

Shemeji alikuwa hajui kusoma. Alikulia kwenye mashamba ya kakao, anasema walikuwa wanazigeuza mbegu juani kwa miguu mitupu, huku wanaimba. Alitusimulia kungumanga zinavyopasuka mtini na ule utando wake mwekundu ndani, basibasi. Alitusimulia ziwa lililo juu ya mlima, na Kifaransa cha mtaani ambacho mama yake alikitumia kumgombeza.

Mama yake. Huyo alimtaja kila siku.

Barua za kwao zilipitia bomani. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Februari ile ikaja barua ya dada yake, Verna. Nikaifungua njiani, pale Kongowe, nilipoteremka kwenye baiskeli kupumzika.

"Mama anaumwa. Hana ugonjwa wa kufa leo, lakini hatoki tena nje. Anakuulizia kila asubuhi. Mume wangu yuko Trinidad kwenye visima vya mafuta, amekulipia nafasi ya meli, utaikuta Dar es Salaam. Njoo kabla hajafumba macho. Siku hizi kwetu hata maskini wanapiga kura. Mama alikwenda kupiga ya kwake amevaa viatu vya kanisani."

Nilisimama pale muda mrefu.

Siwema alikuwa na mimba ya miezi sita. Tatu za kabla zilikuwa zimetoka. Nikajiuliza, mtu akienda mbali kiasi kile, anarudi kweli? Akimkuta mama yake, akaionja tena kakao yao, atakumbuka muhogo wa Janga?

Nikaitia barua mfukoni.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umeniletea?"

"Nimeleta. Mama hajambo, anakusalimu sana. Mvua zimenyesha vizuri."

Akacheka kwa furaha. Siwema naye akacheka. Nikasema moyoni, hakuna aliyeumia.

Mei dada akajifungua salama, mtoto wa kike, Biubwa. Hapo ningeweza kusema ukweli. Nikauchuna. Niliogopa aibu, niliogopa na kifungo, maana barua ya mtu karani haichezei.

Tena shemeji alishanizoea. Kila nikifika, "Hawajaandika?" Majibu aliyoniambia niandike, niliyaandika mbele yake, halafu sikuyatuma. Na barua za Verna nilizificha chini ya godoro.

Basi nikaanza kutunga.

Tatizo nitunge nini? Grenada nitaijulia wapi? Kabatini bomani kulikuwa na kitabu kinene cha makoloni ya Mwingereza, kilichopigwa chapa kabla ya vita ya pili. Grenada ilikuwa na kurasa sita. Nikazila zote.

Nikamsomea shemeji kwamba kisiwa chao kina maili za mraba mia moja thelathini na tatu. Kwamba Gavana anakaa mji wa St. George's na kutoka hapo anatawala na visiwa jirani. Kwamba watu wengi ni wajukuu wa watumwa waliotoka Afrika, na wako Wahindi walioletwa mashambani baadaye. Kwamba kakao na kungumanga ndizo zinazoingia melini kwenda Uingereza.

Halafu mwishoni naweka, "Mama hajambo."

Shemeji alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa. Anasema tu, "Rudia hapo kwa mama."

Narudia.

Verna naye hakunyamaza. Barua ya pili, "Mbona hujibu?" Ya tatu, "Mama anakaa mlangoni tangu asubuhi, akisikia viatu vya mwanamume anauliza kama ni wewe."

Ya nne ilifika Agosti 1955. Mama alikuwa amezikwa.

Siku hiyo sikula. Lakini Jumamosi nikapanda baiskeli, nikaenda Janga, nikamsomea kwamba mama hajambo.

Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani.

Oktoba nikaenda na barua nyingine. Tulikuwa uani, Siwema anatwanga, shemeji anapiga randa ubao. Nikasoma, "Mwaka huu kungumanga zimezaa kupita kiasi, miti imeinama."

Randa ikasimama.

"Soma tena."

Nikasoma.

"Zahoro," akasema, taratibu kabisa. "Mwezi uliopita kimbunga kimepiga Grenada. Nimesikia kwenye redio ya yule Mhindi wa dukani Mlandizi. Kimeng'oa kungumanga, hakuna kilichobaki. Nyumba zimekwenda. Watu wamekufa."

Mchi wa Siwema ukanyamaza.

Nikaanza kuikunja ile karatasi.

"Usihangaike," akasema shemeji. "Najua tangu ile barua yako ya pili ya kutunga. Verna ni mfua nguo. Maili za mraba atazijulia wapi? Kuna dada gani anamwandikia kaka yake kwamba watu wa nyumbani kwao ni weusi?"

"Mbona hukusema, shemeji?"

Akakaa juu ya ule ubao.

"Nilisema, kama huyu mtoto ananificha, basi mama amekufa. Na nikikubali kwamba ananificha, nitaanza matanga. Nikaona, acha asome. Siku unayosoma, mama yu hai mpaka Jumamosi nyingine. Nilikuona una huruma, Zahoro. Nilikuwa nakuombea dua."

Ndugu msomaji, ningekaa kimya, angekufa ananishukuru.

Nilitamani sana kukaa kimya.

Lakini mtu ananiombea dua kwa wizi niliomwibia. Nikapanda baiskeli mpaka Kisarawe, nikainua godoro, kesho yake alfajiri nikarudi na zile barua nne. Nikamsomea mbele ya dada yangu, neno kwa neno, na nafasi ya meli, na viatu vya kanisani.

Kila moja ikiisha, alikuwa anauliza kitu kimoja tu.

"Tarehe?"

Januari 1954. Juni 1954. Novemba 1954. Ya mwisho, Julai 1955.

"Hiyo ya Novemba. Isome tena."

Nikasoma pale pa mlangoni na viatu.

Akampakata Biubwa aliyekuwa anampanda magotini.

"Kumbe alikuwapo," akasema. "Mimi nimeshamzika moyoni, na yeye yuko mlangoni ananisikiliza."

Hakunipiga. Hakunifukuza. Afadhali angenipiga.

Dada yangu ndiye aliyenimaliza. Nilimwambia, "Dada, nilifanya kwa ajili yako, ile mimba."

Akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Ungeniuliza. Ningemfungia mzigo mimi mwenyewe, ningemwambia nenda kamwone mama yako. Mimi mume wangu nilikuwa namwamini. Wewe ndiye uliyekuwa humwamini."

Shemeji aliishi mpaka 1971. Kwenye sikukuu alinikaribisha, tukala sahani moja. Lakini barua hakunipa tena. Miaka sitini akiwa nayo, akajiunga na darasa la kisomo cha watu wazima, akakaa dawati moja na akina mama wa Janga, akachora a, e, i, o, u mpaka akaweza. Alimwandikia Verna kwa mkono wake. Alimwambia nini, sijui. Sikuwa na uso wa kuuliza.

Wajukuu zangu, uongo mbaya zaidi niliousema maishani niliusema kwa kumpenda dada yangu, na yeye hakuuomba. Ukipewa kumsomea mtu habari zake, msomee kama zilivyo. Kulia atalia, lakini atalia kwa wakati wake, na njia ya kwenda itakuwa bado iko wazi.