Nyonga ya Bibi na Gari la Baba

Mwaka ule kahawa ilipotuletea pesa, wanaume wa Rubafu walishikwa na wazimu wa magari. Aliyeanza ni jirani yetu wa upande wa juu. Alinunua motokaa nyeusi inayong'aa hadi kuku walikuwa wanajitazama humo na kupigana na vivuli vyao. Tatizo lilikuwa moja tu: barabara ilipita kando ya ua wetu, haikufika kwake. Kati ya nyumba yake na barabara palikuwa na vibanja vya watu, vyenye migomba iliyopandwa na babu zao, na babu wenyewe wamelala chini ya hiyo migomba, na hakuna aliyekuwa tayari kung'oa hata shina moja ili mtu apitishe starehe zake. Basi motokaa ililala barabarani, ndani ya kibanda cha majani makavu, ikilindwa na mzee mwenye mkuki. Kila Jumapili jirani alishuka kwa miguu, suti mwilini, viatu mkononi. Alipofika kwenye gari alinawa miguu, akavaa viatu, akaendesha mpaka kanisani, ambako angekuwa ameshafika siku nyingi kama angeendelea tu kutembea.

Baba aliyaona hayo yote kwa macho yake, akasema naye anataka.

Mama hakubisha. Mama hakuwa mtu wa kubisha. Alikuwa mtu wa kusubiri. Alisema tu kwamba kama gari linanunuliwa, basi jambo la kwanza litakalofanya ni kumpeleka Bibi kwa dada yake huko Kagoma. Baba akasema bila shaka, na nadhani alishajiona akifungua mlango wa motokaa mbele ya watu wa Kagoma, kofia kichwani.

Bibi alikuwa mama yake Baba, na aliishi katika msonge wake nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa ameanguka akichuma kahawa, nyonga ikajiunga vibaya, na mguu wake wa kulia haukukunjika tena. Ulibaki umenyooka kama mwiko. Dada yake, mdogo wake wa tumbo moja na wa mwisho aliyebaki, aliolewa Kagoma, kule upande wa Muleba. Wakiwa na miguu mizima walikuwa wanatembeleana kwa kutembea. Tangu nyonga ile hawakuonana tena. Walitumiana salamu kupitia wachuuzi wa samaki, na salamu zilifika zikiwa zimepindapinda na zikinuka furu. Watu walimshauri Bibi abebwe kwa machela, akakataa katakata.

"Machela hupandwa na anayekwenda kuzaa au anayekwenda kufa," alisema. "La kwanza nimemaliza. La pili sijaanza."

Lakini usiku mmoja alimwambia Mama, nami nikasikia, "Mkwe wangu, nataka nimwone kabla mmoja wetu hajawa mbolea ya migomba." Alilisema bila kulia, na mimi ndiye niliyelia.

Siku ya kwenda mjini kununua gari, Mama aliingia kwanza msongeni kwa Bibi na kamba ya mgomba. Akampima mguu ule kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, akakata kamba, akaikunja na kuitia kifuani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimemaliza shule niliyoruhusiwa kumaliza, na nilichukuliwa kwa sababu nilijua kusoma vibao. Ukweli ni kwamba nilikuwa upande wa Baba kabisa. Nilitaka viti vya ngozi. Nilitaka kuketi nyuma ya kioo na kutowaona wasichana fulani.

Katika ua wa duka la Mhindi mmoja pale Bukoba, nyuma ya marobota ya nguo na mifuko ya saruji, palikuwa na magari yaliyoshushwa melini. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye motokaa rangi ya maziwa, akaingia, akashika usukani, na tangu hapo hakutoka. Mimi nikaingia nyuma. Viti vilinukia utajiri.

"Hii hata wazungu wa boma wanayo," alisema mwenye duka.

"Wazungu wa boma nyonga zao zinakunjika," alisema Mama. "Bwana, hebu nifungulie mlango."

Akanitoa, akaingia yeye, na mbele ya mwenye duka, makarani na wapagazi akaanza kuwa Bibi. Alinyoosha mguu wa kulia akakataa kuukunja. Alijaribu kuingia kwa makalio, kisha kwa kichwa, kisha kinyumenyume. Kila mara mguu ulibaki nje, kiatu cha raba kikiwaelekea watu. Mpagazi mmoja alilazimika kwenda kucheka nyuma ya saruji. Nilitamani ardhi inimeze. Na bado, sijui niseme vipi, sijawahi kumpenda mama yangu kama nilivyompenda akiwa amekwama katika mlango ule.

Kisha akatoka, akajikung'uta, akaelekea kwenye pikapu iliyosimama pembeni. Ilikuwa rangi ya uji wa juzi, yenye sura ya mtu aliyeamshwa vibaya. Aliomba waiwashe, waizime, waiwashe tena. Aliuliza vipuri vyake vinapatikana wapi, na mwenye duka akasema hapahapa dukani, kwa sababu kila mchukuzi wa kahawa anayo.

"Hii," alisema Mama.

"Hii ya kubebea saruji?" Baba alipaza sauti akiwa bado ndani ya motokaa. "Mama watoto, watu watanidhania dereva wa kuajiriwa!"

"Dereva hulipwa," alisema Mama. "Wewe utafanya bure."

Makarani wakaangua kicheko, na hapo Baba akakaza shingo. Nilimjua. Angekufa na usukani ule mkononi. Mama alitoa kamba ya mgomba kifuani, akampa kupitia dirishani. "Huu ni mguu wa mama yako," alisema taratibu. "Uweke unapotaka."

Baba aliitazama ile kamba. Akailaza kwenye kiti cha mbele, ikafika kwenye usukani na kupita. Akailaza nyuma, kutoka pembe hadi pembe. Ncha ikatokea dirishani, ikaning'inia nje. Alijaribu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akiikunja kidogo mwishoni kisha akiikunjua mwenyewe, kwa sababu aliujua ule mguu vizuri kuliko sisi sote. Mwishowe akashuka bila kutuangalia, akaenda kuulizia bei ya pikapu.

Dereva wa duka alimfundisha kuendesha, na migomba michache ya kando ya ua wetu ililipia mafunzo hayo kwa kuangushwa. Jirani wa motokaa alikuja kutupa pole. Alipoondoka alikuwa ameshaomba tumpelekee magunia yake ya kahawa.

Safari ya Kagoma tulianza asubuhi. Tulifunga kwa kamba kiti cha mikono cha Baba katikati ya bodi ya pikapu, tukatandika mikeka, na wajomba wakampandisha Bibi kwa ubao. Aliketi akitazama nyuma, mguu wake umenyooka juu ya gunia la majani, kiko mdomoni. Mimi na Mama tukakaa miguuni pake. Baba peke yake mbele, suti, tai na kofia, kama alivyokuwa amepanga tangu mwanzo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Watu wa njiani hawakuwahi kuona mwanamke mzee amekalishwa hivyo. Wakamdhania mama wa mtu mkubwa. Tulipopita Hamugembe, wanaume waliokuwa wameketi nje ya msikiti walisimama kumwamkia. Mbele ya Kemondo wanawake waliweka mizigo chini, wakapiga magoti kando ya barabara. Bibi aliwapungia kiko, kwa upole, kana kwamba amezoea. Hakuna aliyeangalia mbele kwenye usukani, isipokuwa mzee mmoja pale Muhutwe aliyefoka, "Wewe dereva, polepole! Huoni umembeba nani?" Mama alicheka mpaka akashika ubavu wa gari.

Kagoma njia ya kwenda kwa bibi mdogo, yule dada yake Bibi, ilikuwa ya miguu, inateremka bondeni. Tukasimama juu, tukatuma habari. Akaja akipanda kilima ameshikwa mkono na mkwe wake, fimbo mbele, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Alifika kwenye gari, akapapasa bodi, akapapasa mguu wa dada yake ulionyooka. Akaushikilia.

"Umezeeka," alisema.

"Huoni. Umejuaje?"

"Nasikia unavyopumua."

Mkono haukuachia mguu. Kisha bibi mdogo akasema, "Mwambie dereva wako anipandishe."

"Mwambie mwenyewe," alisema Bibi. "Ni mwanao huyo."

Baba alikuwa ameshashuka. Akambeba yule mama yake mdogo mikononi, mwepesi kama mzigo wa kuni kavu, na yeye akapapasa kifua chake akakutana na tai. "Chonka waitu!" alishangaa. "Siku hizi hata madereva wanavaa tai!"

Walikaa humo mchana kutwa. Hawakuhitaji nyumba. Walitafuna akamwani, zile punje za kahawa za kumpa mgeni, wakabadilishana kiko, wakataja waliokufa na kuwasengenya. Jua lilipoanza kushuka, sote tukawa tunaangalia pembeni, kwa sababu tulijua kinachofuata na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukisema. Baba ndiye aliyejitolea. "Mama mdogo," alisema, "giza litatukuta njiani. Nikushushe?"

"Nani amesema nashuka?"

Mkwe wake alikuwa amesimama pale na mkeka uliokunjwa na kifurushi cha nguo. Akavipandisha garini. Bibi aliusogeza mguu wake, kadiri ulivyoweza kusogea.

Baba akaniangalia mimi, akamwangalia Mama. Bibi mdogo akagonga paa la gari kwa fimbo yake.

"Dereva! Twende."

Baba akavua tai, akaitia mfukoni. "Naam, mama," alisema, akaenda kuwasha gari.