Reli Isiyo na Kokoto

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata viatu nilivyovaa navikumbuka. Nilipanda juu ya bakki yangu, pikapu ya kazi, nikawaambia vijana wangu kumi na wawili kwamba mimi, Ilunga, hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza. Nimeingia Johannesburg nyuma ya lori la mbao. Nimelala Hillbrow watu tisa chumba kimoja, kwa zamu. Nimeona jengo la ghorofa saba likiketi chini kama mgonjwa, na aliyeliketisha ni mimi. Darasa la nne sikulimaliza, lakini wenye digrii zao wananipigia simu kuniuliza ukuta gani uanguke kwanza. Sasa chuma kizee kitanishangaza kwa lipi? Themba, msimamizi wangu, akasema sharp, sawa bosi, tuanze kazi. Ulikuwa mwaka 2017, mwezi wa saba, baridi ya kuuma masikio.

Kazi yenyewe ilikuwa kubomoa rolakosta, ile reli ya kuchezea inayopanda juu kama ghorofa sita, halafu inajiangusha na watu ndani yake wanapiga kelele walizozilipia. Ilikuwa kwenye uwanja mmoja wa burudani kusini mwa jiji. Mashine imezeeka, vipuri havipatikani, na wenyewe wanataka nafasi wajenge kitu kingine. Mkataba nilipewa kwa jina langu, wa kwanza kuandikwa jina langu, wala sikupokezwa na mtu mwingine aliyekwisha kula nyama akaniachia mfupa.

Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kuitaka kazi hiyo, na aliyeijua ni mke wangu Feza peke yake.

Nilipofika mji huu nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulinda magari kwenye maegesho ya uwanja huohuo. Unavaa kizibao cha rangi ya chungwa, unapunga mkono, mwenye gari akipenda anakupa sarafu, asipopenda anafunga kioo. Baba yangu kule kwetu Kamina alikuwa mtu wa reli. Miaka thelathini na mmoja alikaza bolti za njia na kubadilisha mataruma, na alichotaka ni mimi nimfuate. Nitamwandikiaje kwamba nimevuka mipaka mitatu ili nipunge mkono? Nikaazima shati, nikapigwa picha mbele ya rolakosta, vile vibehewa vyake vikionekana juu ya bega langu. Nyuma ya picha nikaandika: Baba, nimepata kazi ya reli. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo, na ulikaa miaka kumi na minane. Hela nilituma, simu nilipiga, nyumbani nilirudi mara moja tu, kumzika baba, na msibani nani atakuuliza kazi?

Sasa mama alikuwa anakuja kututembelea, mara yake ya kwanza, mwezi wa nane. Nikapanga mambo kichwani. Mama atashuka kwenye basi, treni yangu itakuwa imeshageuka vyuma chakavu. Akisema nionyeshe, nitamwambia eish, mama, wameivunja. Nilijiona mjanja sana.

Sikuwa nimewahesabu watu wenye machozi.

Kila asubuhi nilikuta watu kwenye uzio. Wazungu wazee, wanaume wenye suti waliotakiwa kuwa kazini, mabinti wenye nywele za bluu. Huyu alipanda hapa siku ya matokeo yake ya shule. Yule baba yake alitapika hapa, na anasema hivyo kwa upendo kama anasimulia ubatizo. Mwingine aliniomba nisimamishe jenereta kidogo ili asikilize kama mnyororo wa kuvutia vibehewa bado unalia. Mwanangu, ule mnyororo ulikuwa umelala chini tangu Jumatatu. Mama mmoja wa Soweto alitaka kiti cha nyuma kabisa kwa sababu mumewe alimposa pale. Nikamwambia, mama, posa haikai kwenye kiti, posa iko nyumbani kwako. Akanijibu kwamba mumewe alishafariki. Nikakasirika zaidi, maana mtu akishakwambia hivyo unabaki umesimama na mdomo wako.

Wakaandika barua, wakalia redioni, mpaka wenye uwanja wakaniamuru nisimame wiki mbili ili watu waage. Nimebomoa nyumba ambazo watu walizaliwa ndani yake, sijaona aliyekuja kuaga. Kwa chuma cha kuchezea wanaleta maua.

Kwa hiyo mama aliposhuka Park Station, siku tatu ndani ya basi, miguu imevimba, kitu kile kilikuwa bado kimesimama. Hata hajaketi vizuri kwenye gari akaniuliza treni yangu iko wapi. Siku hiyo nilisema iko kwenye matengenezo. Siku iliyofuata nikasema wafanyakazi wamegoma, na kwa nchi hii huo haukuwa uongo wa kushtua. Siku ya tatu nikaondoka nyumbani hajaamka. Feza alikuwa akikata sombe, majani ya muhogo, jikoni, akaniambia bila kuinua macho kwamba mwanamume anayevunja maghorofa anamkimbia bibi wa kilo hamsini. Nikamwambia anyamaze, atafute kazi ya kufanya. Alikuwa na kazi ya kufanya, nami nikaja kuiona Alhamisi.

Alhamisi, wiki mbili za kuaga zikiwa zimekwisha, ndiyo ilikuwa siku ya kushusha sehemu ya juu. Nimekodi kreni kubwa, imefika alfajiri. Mwezi wa nane hapa upepo unaamka baada ya saa sita mchana, na kreni haibebi chuma kirefu kwenye upepo, kwa hiyo kila kitu kilitakiwa kuwa chini kabla ya hapo. Saa tatu kamili Themba akanijia. Akasema kuna gogo kwenye uzio, ndivyo wanavyomwita bibi hapa, anamuuliza Ilunga wa reli.

Nikatazama. Mama alikuwa amesimama na kitenge chake cha Jumapili, katikati ya watu wenye maua, pembeni yake yule mjane wa Soweto, na Feza nyuma yao akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nilikwenda pale nikiwa na maneno ya kumgombeza mke wangu tayari mdomoni. Mama hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Hii ndiyo treni yako?"

"Ndiyo, mama. Hii ni ya hapa mjini, si kama za kwetu."

Akaitazama kutoka chini mpaka juu, taratibu, kama anayekagua nguo kabla ya kununua.

"Haina kokoto," akasema.

Nikatazama chini ya nguzo, kana kwamba kokoto zitatokea.

"Baba yako aliishika ile picha, akaitazama mara moja. Akasema, mama Ilunga, reli gani hii? Haina kokoto, haina mataruma, imejipinda kama utumbo wa mbuzi. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia amwandikie mtoto, amuulize. Akakataa. Akasema tumwache, atatuambia mwenyewe."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojua maana ya kushangaa. Mtu wa miaka arobaini, kofia ngumu kichwani, watu wananiita bosi, nimeumbuliwa na kokoto. Nikajaribu kucheka, nikasema basi mliniweza. Mama hakucheka.

"Wenzake wa reli walimuuliza, kila walipokaa pamoja. Na yeye alijibu ndiyo, mwanangu ni mtu wa reli kama mimi. Unamjua baba yako. Hata akiuza mbuzi alikuwa anataja kwanza ugonjwa wa mbuzi. Lakini uongo wako aliusema, Ilunga, miaka yote, ili usiaibike. Alikuwa anangoja uje umtue mzigo huo."

Themba akapiga mluzi, mwendesha kreni amekaa tayari, injini inanguruma. Nikamwinulia mkono angoje.

"Sasa niambie," mama akasema. "Ulikuwa unafanya nini hapa?"

Nikamshika mkono, nikampeleka maegesho. Nilimwonyesha nguzo ya taa niliyokuwa nasimama chini yake, na mahali nilipokuwa naficha mkate wangu ili jua lisiukaushe. Nikamwambia nililinda magari, ya watu waliokuja kucheza, miaka miwili. Akauliza yaliibiwa mangapi. Nikasema moja, Toyota nyeupe, na hata hilo ni kwa sababu nilikwenda haja.

"Moja kwa miaka miwili," akasema. "Basi ulikuwa mlinzi mzuri. Baba yako angewaambia wenzake hilo, na asingehitaji kuangalia chini."

Akaketi kwenye ukingo wa barabara akanitaka nimwonyeshe jinsi nilivyokuwa naelekeza gari. Nikasimama pale, mimi mwenye mkataba, nikapunga mikono kwa gari ambalo halipo, rudi, rudi, kata kushoto, na mama yangu akacheka kicheko cha baba, kile cha kukohoa. Kisha akataka kujua shati la kwenye picha lilikuwa la nani, nani alinipikia nilipougua, nililala wapi. Miaka kumi na minane ya maswali, yote asubuhi hiyo. Themba alikuja mara mbili, mara zote nikamfukuza. Alipokuja mara ya tatu alielekeza tu kidole juu. Bendera zilikuwa zimeshaanza kupiga kelele. Upepo umeamka, na ulipoamka haukulala mpaka Jumatatu, kreni imesimama, siku zinahesabiwa, na tarehe ya mkataba ikapita mbele ya macho yangu kama basi lililojaa.

Yule mjane wa Soweto nilimpa kiti chake. Bado nasema ni upuuzi. Alikipakia kwenye teksi akakilipia nauli kama abiria.

Sasa nikuambie ninachotaka kukuambia, na usinipe ile sura yako ya najua, najua. Mzazi wako umwambie ukweli wa kazi yako mapema, hata kama ni kufagia, hata kama ni kupunga mkono kwa watu wanaofunga vioo. Ukimdanganya usidhani uongo unaubeba peke yako. Yeye ndiye atakayeubeba mbele ya wenzake, na pengine atakufa nao. Mimi nilimzika baba bila kumtua. Na ukimwona mtu analia kwenye uzio kwa ajili ya chuma kilichooza, kasirika kama mimi, kukasirika hakukatazwi, lakini mwulize kwanza aliacha nini pale. Huenda akakujibu kwa maneno mawili, huenda ukapoteza asubuhi nzima.

Mungu akupe mama wa kukuuliza maswali mpaka uzeeke, akupe kazi unayoweza kuitaja kwa sauti mbele ya watu wote, na mikono yako isikose chakula kwenye mji huu wala mwingine wowote.

Asubuhi ile, kwa kreni iliyosimama siku tano na faini ya kuchelewa, ilinigharimu randi laki moja na kumi na nane elfu, mia sita na arobaini.