Mbegu ya Jaduong' na Skrini za Rusinga

Nakumbuka siku moja, asubuhi ya Ijumaa, nimekaa nyumbani kwa mama yangu Uriri na kikombe cha pili cha chai, simu ikaanza kulia nami nikaitazama tu. Nilijua ni nani na nilijua anataka nini. Mwanangu, ukiona mtu anatazama simu inayolia kama anayetazama nyoka, jua kuna kazi ameikwepa.

Nilikuwa kijana, na kukaa nyumbani ndicho kipaji changu. Wenzangu wa kidato cha nne walikwenda Nairobi, wengine wakavuka mpaka hadi Mwanza. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni, na hata hiyo nilipumzika njiani. Ila nilikuwa na laptopu kuukuu, na nilikuwa nimejifundisha kazi moja ambayo watu wachache waliitaka: kutunza draiva za skrini. Draiva ni kijiprogramu kinachoifundisha kompyuta kuongea na skrini yake. Kompyuta ikizeeka, kampuni iliyoitengeneza huisahau, na bila draiva skrini hubaki nyeusi hata kama mashine ni nzima. Kwa hiyo watu wa kujitolea huandika draiva na vifaa vyake, yaani programu ndogo za kuzisaidia, na kuviacha wazi mtandaoni ili yeyote achukue, asome, atengeneze.

Sisi tulikuwa watatu. Mimi. Adhiambo wa Rusinga, aliyefundisha vijana kompyuta katika chumba alichoazimwa na kanisa. Na Jaduong' Odongo wa Kosele, fundi mstaafu wa televisheni, aliyeandika kifaa cha kwanza kabisa, kile ambacho vyetu vyote viliegemea. Jaduong', kwa wewe usiyetoka kwetu, ni mzee wa kuheshimiwa.

Nikapokea simu.

"Ja-Uriri, umeamka ama umegeuka tu upande wa pili?" Ja-Uriri, yaani mtu wa Uriri, ndivyo Adhiambo alivyoniita; hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Nimeamka."

"Basi sikia. Nimeweka toleo jipya la mfumo kwa kompyuta moja. Skrini ni nyeusi kama sufuria ya matanga. Vifaa vyetu havimo. Lango la kupokea vifaa linafungwa leo jioni, na Jumatatu watoto wanafanya mtihani."

Mambo yalikuwa hivi. Programu ya mtihani ilikuwa imekataa toleo la zamani la mfumo. Nao waliofungasha toleo jipya, watu wa mbali tuliowajua kwa majina ya mtandaoni tu, walikuwa wametuandikia mapema: vifaa vyenu ni vizee na vimetawanyika, kimoja huku, kingine kule; vikusanyeni katika ghala moja la pamoja mtandaoni, vijengwe pamoja na kujaribiwa pamoja, la sivyo tutaviacha nje. Na kamati ya kanisa ilikuwa imemwambia Adhiambo wazi kwamba mashine zisipowaka siku ya mtihani, chumba kitakuwa stoo ya viti na hema za matanga. Hema hukodishwa, mwanangu. Wanafunzi wake walilipa kwa samaki, tena si kila mara.

"Ghala nilifungua zamani," nikajitetea. "Namngoja Jaduong' aweke chake kwanza."

"Bado unangoja? Omera, ndugu yangu, kitu kiko wazi! Leseni inasema mtu yeyote achukue."

Leseni iliruhusu, ndiyo. Lakini kwetu mvua ikinyesha hakuna mtoto anayetia mbegu ardhini kabla baba yake hajatia yake. Golo kodhi, ndivyo tunavyoita desturi hiyo, na anayeiruka hutafuta balaa kwa mikono yake. Mimi nikaona ghala lile ni shamba, kifaa cha mzee ni mbegu ya kwanza, na kijana mwenye adabu husubiri. Subira huvuta heri, nilijiambia, huku nikijua vizuri sana kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikuwa nimemwandikia ujumbe mmoja, akanyamaza, na sikumpigia simu hata mara moja. Ningempigia niseme nini? "Mzee, harakisha"?

"Wewe humheshimu mzee," Adhiambo akasema. "Wewe unaheshimu kiti chako. Inuka."

Nikainuka. Mama alipouliza nakwenda wapi, nikasema Kosele. Akaja hadi mlangoni kuhakikisha macho yake hayamdanganyi.

Jua lilikuwa limeshapita utosini nilipoingia bomani kwa Jaduong' Odongo. Alikuwa ameketi barazani, uso umeelekea lango, lakini hakuninyooshea mkono hadi niliposalimu.

"Ni nani huyo?"

Nikajitaja. Akacheka bila furaha. "Wuod Uriri, mwana wa Uriri! Leo nyumba yenu imeungua ama? Nini kingine kingekutoa?"

Ndipo nikaelewa kwamba hanioni. Presha ya macho, mwanangu, ilikuwa imemwibia mwanga kidogo kidogo tangu msimu uliopita. Ule ujumbe wangu mmoja hakuweza kuusoma, na kumwomba mkewe amsomee mambo ya draiva aliona aibu. Alikuwa amesikia kwa watu waliotoka Rusinga kwamba vijana tunakusanya vifaa, akawa anangoja tuje. Hatukuja. Akahitimisha kwamba tumemtupa na kifaa chake.

Nikamweleza habari ya mbegu, nikitarajia asifu adabu yangu.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema taratibu, na sauti ile ingekuwa nafuu kama ingekuwa ya ukali. "Mwenye shamba akichelewa kupanda, mwanawe hufanya nini? Hukaa kwake akisifu desturi? Huenda kwa baba, hugonga mlango, huuliza: baba, unaumwa? Ninyi mlinifanya sanamu. Sanamu huheshimiwa sana, lakini hakuna anayeiuliza imelalaje."

Nikavuta kigoda, nikaketi karibu naye.

"Saa inakwenda," akasema. "Washa mashine yangu. Bahati yako hukuchukua kile cha mtandaoni. Kile kina kasoro. Nilikitengeneza hapa macho yakingali macho, kukituma nikashindwa."

Basi tukafanya kazi. Nikasoma mistari yake kwa sauti, yeye akisikiliza kichwa kimeinama kama fundi anayesikiliza injini. Nikaingiza kifaa chake ghalani pamoja na historia yake yote, kila badiliko na jina la aliyelifanya. Kisha nikaagiza ghala lijenge vyote pamoja. Likakataa. Nikajaribu tena, likakataa tena. Nje vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka, na simu ikaita.

"Mmefika wapi?"

"Karibu."

"Karibu ya nani? Wazee wa kamati wamekuja kupima chumba. Nawaona na futi kamba."

Nikakosea paswadi yangu mwenyewe. Jaduong' akaniuliza kosa linasema nini. Nikasoma. Akatikisa kichwa.

"Hilo si langu. Kuna kitu umekiita kwa jina ambalo langu lilishalitumia. Mtoto hapewi jina la ndugu yake aliye hai wakiishi boma moja."

Lilikuwa langu kweli. Nikabadilisha jina, nikaagiza upya. Likajenga. Nikatuma. Mtandao wa Kosele ukasimama katikati kama ng'ombe aliyekataa daraja, kisha ukaendelea. Waliofungasha wakajibu kwa neno moja: tumepokea.

Adhiambo akapakua, nasi tukabaki na simu mezani ikiwa wazi. Tulisikia kibodi, viti vikiburutwa, mwanamume mmoja akiuliza kama hema kubwa litapita mlangoni. Kisha kimya.

"Adhiambo?"

Nikasogeza simu karibu na mzee.

"Nyar Rusinga, binti wa Rusinga," Jaduong' akasema, "sema kitu, mimi ndiye nisiyeona huku."

"Imewaka," akasema. Baadaye kidogo: "Jaduong', imewaka. Rangi zote za mistari ya majaribio ziko. Wale wa futi kamba wametoka."

Mzee akaomba aambiwe rangi hizo moja moja, kutoka kushoto. Adhiambo akamtajia.

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali. Daktari alisema mwanga uliobaki utalindwa, ila uliokwisha kwenda haurudi. Laiti ningegonga mlango ule wakati namsubiri kwa adabu, mwanangu, pengine angekuwa na zaidi ya kulinda.

Basi shika hili. Heshima si utumwa, walisema waliotutangulia, nami naongeza kwamba heshima si kimya pia. Kazi ya mkubwa usiibebe kwa mlango wa nyuma kwa kuwa sheria inakuruhusu, wala usiketi kando yake miezi ukiuita woga wako adabu. Nenda umuulize. Mzee akinyamaza, mtembelee kabla hujaufasiri ukimya wake. Na mkivileta vitu vya watu wengi chini ya paa moja, leteni na majina yao, na kwanza waleteni wenyewe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie wazee wa kukukaripia ungali na muda wa kurekebisha, na mlango wako usikose mtu wa kuugonga.