Chupa Nne za Mgonjwa Wangu

Mashini yangu haipendi joto. Mimi pia silipendi, lakini mimi hakuna anayeniuliza.

Nieleze kwanza, maana nusu ya majirani wangu hapa mjini Baraka wanadhani ni uchawi. Ni sanduku la bati, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani mna bomba la kioo, na mwanga unaotoka humo unakata ubao kama kisu kinavyokata sabuni. Nakata majina ya milango ya biro za wakubwa wa serikali, misalaba ya makaburi, vibao vya harusi. Lakini bomba hilo likishika moto linapasuka, na likipasuka, jipya linatoka ng'ambo ya ziwa baada ya miezi. Kwa hiyo chini ya meza pana ndoo ya maji, na pampu ndogo inayoyazungusha maji hayo kandokando ya kioo mchana kutwa. Maji yakifika nyuzi ishirini na tano, naanza kuhema. Yakifika thelathini, nazima.

Sasa niambie, Baraka hii, mwezi wa tisa, saa sita ya mchana, chini ya mabati: maji gani yatakubali kukaa chini ya thelathini? Nilijaribu ya ziwa, ndoo ikaota ukijani na pampu ikakabwa koo. Toka siku hiyo nachemsha maji na kuyachuja, kama ya kunywesha kichanga. Nilitandaza nyasi juu ya bati, majirani wakacheka wee, eti baba amerudia nyumba ya babu yake. Mwishowe nikapata dawa: frigo ndogo ya sola, na chupa nne za plastiki zilizojaa maji, nikazigandisha. Mbili zinaelea ndani ya ndoo, mbili zinangoja kwenye frigo. Zote nne kwa mara moja hapana, baridi ikizidi bomba linatoka jasho, na jasho nalo ni ugonjwa.

Asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikuwa natia kidole ndani ya ndoo. Mke wangu alikwisha kufariki. Watoto wako Uvira, wanapiga simu wakipata nafasi, na nafasi hawapati. Nyumba ina vyumba vitatu na sauti moja, ile ya pampu. Nilikuwa mpweke, sifichi, na mtu mpweke akipata kitu cha kuhangaikia anakishika kwa mikono miwili.

Siku moja ya jua kali nikasikia hodi. Alikuwa yaya yangu, dada yangu mkubwa, ndugu pekee niliyebaki naye katika eneo hili la Fizi. Anaishi Lubondja, kijiji tulikozaliwa, analima muhogo. Pikipiki ilikuwa imemwacha sokoni, akavuka mji kwa miguu na kikapu cha unga kichwani, kwa sababu alisikia kwamba ndugu yake hali vizuri. Alikaa chini, akafungua kitambaa cha kichwa, akajipepea nacho.

"Mudogo yangu, unipe maji ya baridi. Banasemaka uko na frigo."

"Pole, yaya," nikasema. "Frigo iliharibika."

Neno lilitoka lenyewe, wallahi. Nilikuwa nakata kibao cha harusi, herufi kubwa, KARIBUNI WAGENI WETU, na bwana harusi alikuwa anakuja kukichukua saa tisa. Kila chupa ilikuwa na kazi yake. Nikampa yaya maji ya bidoni, lile dumu la jikoni, ya vuguvugu. Alikunywa nusu kikombe, akashukuru.

Kwetu maji hayanyimwi mtu. Hata mtu uliyegombana naye, akipita mlangoni akaomba maji, unampa, kisha mnaendelea kugombana. Mimi nilijua hivyo tangu sijaota meno.

Ndani ya ndoo chupa ziligongana. "Nini inalia mule?" akauliza. Nikasema ni pampu.

Kipimo cha joto la maji kilisoma ishirini na saba. Nikajiambia atakwenda kujinyoosha chumbani, nibadilishe chupa bila yeye kuona. Hakwenda. Alitaka kuniangalia nikifanya kazi, akisema mama angefurahi. Ishirini na nane. Nilibakiza WETU tu. Ishirini na tisa. Ningeweza kuzima, nikangoja maji yapoe, bwana harusi akapiga kelele zake akanyamaza. Badala yake niliinuka. Frigo iko hatua tatu kutoka alipokaa. Nilipoifungua, moshi wa baridi ulitoka mbele yetu sote wawili.

"Eeh!" yaya akasema. "Mugeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe hapa ni frigo ndiyo imepona."

Nilisimama na chupa mkononi, vidole vikiniuma kwa baridi. Hapo bado ningeweza kumpa. Hapo hapo! Nikainama, nikaitia ndani ya ndoo.

"Ni nani mugonjwa hapa?" akauliza.

"Ni mashini, yaya. Inasikiaka joto."

"Na mie?"

Alifunga kitambaa chake polepole. Unga aliuacha mezani, kikapu akakichukua. Nilimwambia angoje apate chakula, akasema atakula kwake. Nilimfuata mpaka njiani kama mjinga, kisha nikakumbuka kwamba mashini inawaka, nikarudi mbio. Ndiyo, nilirudi mbio.

Kibao kilitoka kizuri. Bwana harusi alikisifu mpaka nikatamani kukivunja.

Baada ya hapo yaya hakuja tena. Nikipiga simu anasema, "Tuko muzima," kisha simu inakatika, na ajabu ilikuwa inakatika pale pale kila mara. Unga wake nilisonga bugali nikala peke yangu, kila siku kidogo, nikiogopa uishe. Ukaisha. Mashini ilikuwa na afya njema, haikupata hata mkwaruzo. Mimi nilikuwa nakaa mbele yake nikisikiliza barafu ikigonga ndoo, na kila ikigonga nilisikia, na mie?

Ndipo kijana wa pikipiki akasimama mlangoni na bidoni ndogo ya njano. "Mama moja wa Lubondja amenituma," akasema. "Anasema ni maji ya kisima chenu. Ni ya mugonjwa wako."

Nilikasirika kwanza. Anichezee mimi, mtu mzima, mbele ya mtu wa barabarani! Kisha nikaona jinsi alivyoziba mdomo wa bidoni, kwa jani la mgomba lililokunjwa mara mbili, kama mama alivyotufundisha tulipokuwa tukiteka pale. Nikamimina kikombe kimoja. Maji yalikuwa moto kwa jua la njiani. Niliyanywa nimesimama, yote, na nikalia.

Kesho yake sikuwasha mashini. Nilizitoa chupa zote nne, nikazizungushia pumba za mbao na blanketi kuukuu, nikapanda pikipiki. Jua halikunionea huruma. Kila tulipopunguza mwendo nilikuwa naingiza mkono ndani ya blanketi, na kila mara barafu ilikuwa imepungua.

Yaya alikuwa anaanika muhogo. Hakuinuka. Nilimpa chupa ambayo ndani yake kipande kama kidole kilikuwa bado kinaelea. Alikiangalia kikizunguka, akanywa, akanywa tena, maji yakamtiririka kidevuni.

"Yaya, nilikosa," nikasema. "Nilikunyima maji."

Alijifuta kwa mkono. "Na mugonjwa, umemuachia nani?"

"Hana mtu."

"Basi iko kama weye," akasema, akanisogezea kiti.