Mkata Vitambaa Asiyeyaamini Macho Yake

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Kisu cha umeme kimesimama mwisho wa meza yenye urefu wa mita kumi na mbili. Juu ya meza kuna matabaka sitini ya kitambaa cha buluu, yamelazwa moja juu ya jingine bila kunyanzi hata moja. Mistari ya chaki imeshachorwa. Mwanamke mwenye aproni ya kijivu amesimama mbele ya kitambaa, lakini hawashi kisu.

Anaziba jicho la kushoto kwa kiganja, anaitazama saa kubwa ya ukutani. Anaziba la kulia, anaitazama tena. Midomo inamcheza kama mtu anayehesabu kuku wake wakirudi bandani.

"Zipo?" anauliza mwenzake aliye upande wa pili wa meza.

"Namba zote kumi na mbili."

Ndipo anapovaa glovu ya waya wa chuma mkono wa kushoto na kubonyeza swichi. Kisu kinanguruma, meza inatetemeka, na kola sitini zinakatika kwa mkupuo mmoja.

"Ikikosekana hata namba moja, siwashi," anasema baadaye. "Jicho langu ni shahidi wa uongo. Lazima nilihoji kwanza."

Katika kiwanda hiki cha kushona sare za shule wanamwita Rula, kwa sababu ya mstari wake usiopinda. Ana umri wa miaka thelathini na tisa, na amekata vitambaa kwa miaka kumi na minne. Kumi ya mwisho ameishi na kipandauso, maradhi ya kichwa ambayo kwake hayaanzi na maumivu, huanza na macho.

Kwanza huja kitone cha mwanga, kama jua lililopiga kwenye kipande cha kioo. Kitone hukua, hupinda kama mundu, kisha huota meno ya msumeno yanayometameta. Kila kilicho nyuma ya meno hayo hupotea. Baada ya nusu saa mwanga huondoka na kuacha maumivu upande mmoja wa kichwa, pamoja na kichefuchefu. Harufu ya sabuni ya jirani humgeukia sumu.

"Watu wanasema, 'Meza kidonge, kunywa maji, kichwa kila mtu kinamuuma.' Sawa. Lakini hiki changu hakiumi tu, kinahamia. Kinakuja na mizigo yake, mimi kinanitoa nje ya nyumba."

Kwa miaka sita hakumwambia mtu yeyote kazini. Aliogopa. Mkataji asiyeona, anasema, ni sawa na mpishi asiye na ulimi, nani atamwajiri? Basi kila kichwa kilipomlaza siku moja au mbili, aliomba ruhusa ya msiba.

"Nilimzika shangazi yangu mara tatu," anasema, akijizuia kucheka. "Mara ya tatu mlinzi wa getini akapitisha mchango wa rambirambi. Wiki mbili hazijaisha, shangazi mwenyewe akaja getini kuniulizia. Akajitambulisha kwa jina lake lote. Yule mlinzi nusura aruke ukuta."

Kicheko kiliisha haraka. Alipewa barua ya onyo kwa udanganyifu, na miezi michache baadaye ya pili, kwa utoro. Ya tatu, alijua, ingekuwa ya kwaheri.

Kwa hiyo Alhamisi moja, miaka minne iliyopita, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Rula alipoona kitone cha mwanga kwenye kitambaa hakukizima kisu.

"Nilijiambia mstari huu naujua. Nimeukata mara elfu, hata kipofu angeukata. Kumbe kipofu ni mimi."

Aliyekuwa upande wa pili wa meza siku hiyo ni huyu huyu aliye naye leo, mtandazaji wa vitambaa ambaye wenzake wanamwita Bi Taratibu. Ni mwanamke mnene, mpole, anayeongea kama anayepima maneno kwa futi.

"Niliona kisu kinatoka kwenye chaki," anasimulia Bi Taratibu. "Nikasema, 'Rula, mstari.' Hakusikia. Nikasema, 'Rula, mwenzangu, mstari!' Kisu kinaenda, na mkono wake uko mbele ya kisu. Nikasikia chuma kinasaga chuma. Mimi sikimbii, watu wananijua. Siku hiyo nilikimbia. Nilichomoa waya ukutani."

Glovu iliviokoa vidole vitatu. Mikono ya mashati sitini iligeuka vitambaa vya kufutia mashine.

Msimamizi wa zamu alifika mbio. Ni mwanamume mrefu ambaye sauti yake husikika kupita cherehani themanini, na kwa sababu hiyo anaitwa Kengele. Alimkuta Rula ameegemea meza, anayumba, na matapishi yako kwenye kapu la vipande.

"Umekunywa nini?" alimuuliza.

Rula alitaka kusema hajanywa kitu. Ulimi ukatoa neno jingine. "Sindano," alisema. "Sindano, sindano." Kichwa kikipanda sana, maneno nayo humpotea.

Kengele alitoa kalamu akaandika kwenye ripoti: Amelewa kazini.

"Mimi pombe sijawahi hata kuionja," anasema Rula. Anainuka kitini, anakwenda hadi dirishani, anarudi. Hakai mahali pamoja kwa zaidi ya dakika tano. "Nililala siku mbili gizani. Kilichokuwa kinaniuma zaidi ya kichwa ni lile neno."

Kikao cha nidhamu kilipangwa Jumatatu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameshatunga uongo mpya: dawa ya mafua iliyomlevya. Alimsomea mumewe, ambaye ni fundi redio. Mumewe alimsikiliza hadi mwisho, akaweka bisibisi chini.

"Mama watoto, sema ukweli," alimwambia. "Uongo umetuchosha. Hata shangazi amechoka kufa."

Katika chumba cha kikao mlikuwa na meneja wa wafanyakazi, mwakilishi wa wafanyakazi, na Kengele mwenyewe. Rula alisimama, akaeleza yote tangu mwanzo: kitone, mundu, meno, kichefuchefu, maneno yanayopotea, na misiba mitatu ya shangazi aliye hai. Alipomaliza, meneja aliitazama tena ripoti.

"Kwa hiyo ni kichwa," alisema meneja. "Kichwa tu?"

Kisha Kengele akauliza, kwa sauti ambayo Rula hakuwahi kuisikia kwake, ya chini.

"Huo mwanga. Ukifumba macho, unaondoka?"

"Hauondoki. Uko ndani."

"Na kelele?"

"Kelele inakuwa kama unapigwa."

Kengele aliinamisha kichwa.

"Mama yangu alikuwa akisema maneno hayo hayo," alisema hatimaye. "Alikuwa anajifungia. Tulikuwa watoto saba, na mwenye sauti kubwa ni mimi. Alikuwa ananitoa nje kwa kandambili, mimi peke yangu. Nimekua nikijua hanipendi. Amekufa nikijua hivyo."

Aliomba ripoti aliyoiandika, akalikata lile neno kwa kalamu, akatia saini pembeni.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza Kengele kuhusu siku hiyo. Alijibu akiwa amesimama kati ya safu mbili za cherehani, macho yakiwa kwa wafanyakazi wake.

"Nililifuta, ndiyo. Lakini lilishasomwa. Neno ni kama kitambaa, ukishakata umekata. Mpaka leo wapo wanaonong'ona kwamba Rula hupiga kidogo. Hilo ni langu, si lake."

Rula hakufukuzwa, lakini pia hakurudishwa mezani. Kwa miezi mitano alifunga mafungu ya vipande na kufagia sakafu, mshahara ukiwa umepungua kwa theluthi moja. Kila siku alimtazama kijana mgeni akikata kwa kisu chake. "Mistari yake ilikuwa imelewa kuliko mimi," anasema.

Katika miezi hiyo ndipo alipokwenda kliniki kwa mara ya kwanza. Tabibu alimpa jina la maradhi, dawa ya kumeza kila siku, na nyingine ya kuwahi kitone kinapoanza. Alimweleza pia jambo lililomshangaza: kichwa chake hakipendi mabadiliko. Akiruka mlo kinakuja, akikosa usingizi kinakuja. Akilala kupita kiasi, kinakuja vilevile.

"Wenzangu siku ya mapumziko wanalala mpaka saa nne. Mimi nikijaribu, naamka nacho. Kwa hiyo hata siku ya mapumziko saa kumi na moja na nusu niko macho, nazunguka nyumba kama niliyepoteza funguo. Kupumzika kwangu kuna hatari."

Nyumba yao ina vyumba viwili. Kimoja kina mapazia mawili, jepesi na zito. Kingine ni karakana ya mumewe, yenye redio zipatazo ishirini zilizofunguliwa vifuniko. Zote ziko kimya. Fundi huyu huzijaribu kwa kuvaa spika za masikioni, na wateja wake wamezoea kumkuta akitikisa kichwa peke yake kwa muziki wasiousikia.

"Wanafikiri nimepungukiwa," anasema kwa sauti ya chini, kwa mazoea. "Wengine wananiambia, 'Mke wako anadeka.' Nawajibu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimemshikia beseni. Najua."

Binti yao wa miaka kumi na mmoja amejifunza kufunga mlango bila kutoa sauti. Mwaka jana alisoma shairi mbele ya wazazi shuleni. Mama yake alihudhuria, akatoka katikati, akajifungia chooni na koti kichwani.

"Hakunilaumu," anasema Rula. "Aliniambia, 'Mama, ule ubeti ulioukosa nilikusomea njiani tukirudi, nikitembea mbele yako, ila ulikuwa umeziba masikio.' Bora angelia."

Alirudi kwenye kisu kwa masharti matatu aliyoyapendekeza Kengele na kuyapigania yeye mwenyewe kwa meneja. Rula hukagua macho kabla ya kila mkato. Bi Taratibu hukaa karibu na waya. Na dalili ikianza, Rula huacha kazi bila kuomba, huenda stoo ya marobota, hulala gizani kwa nusu saa, kisha hufidia muda huo baada ya zamu.

Stoo hiyo ilileta vituko. Haikuchukua muda watu wengine wakaanza kushika vichwa. "Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana kipandauso kilikuwa kinaenea kama mafua," anasema Bi Taratibu. "Siku moja Kengele alikuta watatu wamelala, mmoja anakoroma. Alimwamsha akamuuliza, 'Kinauma upande gani?' Akajibu, 'Pande zote, bosi, hata miguuni.'"

Mahojiano haya yalifanyika kwa siku tatu kwa sababu siku ya pili hayakufika mbali. Rula alikuwa akieleza habari ya dawa alipopiga mwayo. Akapiga wa pili. Wa tatu ulipomtoka, Bi Taratibu aliinuka.

"Mwandishi, funga daftari," alisema. "Miayo mitatu, kinakuja."

Na kweli kilikuja. Dakika kumi baadaye Rula alikuwa anatafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, mkono ukipapasa meza pembeni yake. Hakulalamika. Alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyekatizwa sentensi, na alitembea hadi stoo peke yake huku akigusa ukuta kwa vidole.

Siku ya tatu alifika mapema, uso umemsinyaa, sauti imekauka. Alisema kabla ya dawa alikuwa anapatwa mara tisa au kumi kwa mwezi. Sasa ni mara nne, tano. Alipoambiwa hiyo ni nafuu kubwa, alitikisa bega.

"Ni nafuu. Lakini ya jana haikujua kwamba ni nafuu."

Kinachomkosesha utulivu si maumivu. Ni kutojua. Kwa miaka mingi, anasema, hakuahidi kitu chochote chenye siku maalumu. Akialikwa harusi, hujibu "tutaona". Akiulizwa atakuja lini, hujibu "nikijaliwa", na watu hudhani ni uchamungu.

Mwaka huu amevunja mwiko huo. Tangu miezi sita iliyopita, kila Jumamosi asubuhi anasoma uchoraji wa pateni, yaani vile vielelezo vya karatasi ambavyo wakataji huvifuata. Mchora pateni hashiki kisu. Akikosea, anafuta na raba.

"Karatasi ina huruma," anasema. "Nimechoka kufanya kazi ambayo nikikosea dakika moja nakuwa sina vidole."

Mtihani ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo, kwa muda wa saa tatu mfululizo, ndani ya ukumbi wenye taa nyeupe za mirija. Kengele amemwambia nafasi ya mchora pateni kiwandani itakuwa wazi mwisho wa mwaka, mzee aliyepo anastaafu. Hakumwahidi. Amemwambia tu ilipo.

Je, kichwa kikipanda siku hiyo?

Rula anasimama tena, anakunja aproni, anaikunjua.

"Wiki iliyopita nilikwenda kwa wasimamizi wa mtihani. Njia nzima natafuta uongo wa kuwaambia, mazoea mabaya hayo. Nikafika, nikawaambia ukweli: nina maradhi haya, huenda nikahitaji kutoka nusu saa, gizani, halafu nirudi nimalize. Yule mama wa mapokezi hata hakuinua uso. Akasema, 'Haya, andika hapa,' akanisukumia fomu."

Anaikunja tena aproni.

"Fomu ipo. Imechapwa, ina nafasi ya jina na nafasi ya maradhi. Maana yake kuna watu walishauliza kabla yangu, wengi mpaka wakaamua wachape. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa naua shangazi." Anacheka, safari hii bila kujizuia. "Nimeijaza kwa kalamu ya wino. Nitakwenda."